Ua Nililolizamisha Sebuleni

Ua la mke wangu lilianzia kwenye kona ya sebule, karibu na mlango wa chumbani. Lilipanda hadi usawa wa dirisha, likapita juu ya pazia, likaizunguka picha yetu ya harusi, kisha likakata kona na kufuata ukuta wa pili mpaka juu ya kabati la vyombo. Ni lile ua la kutambaa ambalo wengi wanalo majumbani, lenye majani ya umbo la moyo, ya kijani yenye madoa ya njano kama vile mtu amepita na brashi ya rangi akiyarushia. Alikuwa amelishikiza ukutani kwa misumari midogo na nyuzi za sufu zilizobaki alipokuwa akifuma masweta ya watoto. Nyuzi zile zilikuwa za kila rangi. Nilikuwa nikiona zinaleta fujo.

Alilitoa Kibondo. Wakati ule nilikuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, na nilipohamishiwa Kasulu tulipanda lori na mizigo yetu, yeye akiwa amepakata kikonyo chenye majani mawili, amekifunga kwa kitambaa kibichi. Nilimwambia anabeba majani wakati viti vya watu vinaachwa. Alipofika alitafuta kopo kubwa la bati lililokuwa na mafuta ya kupikia, akalitoboa chini kwa msumari, akaweka udongo, akakichomeka. Kutoka siku hiyo hadi siku aliyougua, sikuwahi kulimwagilia ua lile hata mara moja, wala sikuwahi kumwuliza analitunzaje. Ninaandika hili kwanza ili msomaji ajue mapema kwamba yaliyofuata hayakuniangukia kutoka juu.

Aliugua mwaka jana, mvua za masika zikiwa zinaelekea mwisho. Alikuwa anachambua maharage uani, akaegemea upande mmoja kama mtu anayesinzia. Tulimpeleka hospitali ya Kabanga, akalazwa, akatibiwa, akarudi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, mdomo umevutwa upande, na Kiswahili kilikuwa kimemtoka. Alibaki na Kiha, nacho akikisema taratibu, neno moja moja, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe.

Sasa lazima nieleze nyumba yangu ilivyokuwa. Nilisoma hadi kidato cha nne wakati waliofika huko hapa kwetu walikuwa wachache, na baada ya kustaafu nilichaguliwa kuongoza jumuiya yetu ndogo ya kanisani. Watu walikuja kwangu. Walikuja wanajumuiya kila wiki, walikuja pia watumishi wa serikali waliohamishiwa hapa kutoka mikoa mingine, walimu na maofisa, kuzungumza na kunywa chai. Niliipenda sifa ya kuwa na sebule ambayo mtu mgeni anaweza kuingia bila kuambiwa asubiri kwanza ifagiliwe. Mke wangu aliporudi kutoka hospitali, wiki ya kwanza alikaa sebuleni kwenye kiti chake. Akaja ofisa mmoja kijana, akamwamkia, mke wangu akamjibu kwa Kiha huku mate yakimtoka upande ule uliolegea. Kijana wa watu alitazama sakafu. Mimi nilitafuta leso na nikahisi uso wangu unapata moto.

Kuanzia siku hiyo, wageni wakikaribia, nilikihamishia kiti chake chumba cha ndani. Nilimwambia sebuleni kuna upepo. Ukweli ni kwamba upepo ulikuwepo, kwa sababu huku kwetu juu baridi inapita popote penye mlango. Lakini haikuwa sababu.

Binti yetu anaishi Kibondo, ni fundi cherehani. Alikuja kumjulia hali mama yake, akakuta watu wamejaa sebuleni na mama yake yuko ndani peke yake anatazama ukuta. Hakusema kitu mbele ya wageni. Walipoondoka aliniambia angependa kumchukua mama akae naye, kwa kuwa yeye anashinda nyumbani kwenye cherehani. Nilikubali haraka mno. Hata yeye alishtuka, maana alikuwa amejiandaa kunibembeleza. Siku ya kuondoka, mke wangu alisimamishwa katikati ya sebule, akalitazama ua lake kutoka kwenye kopo hadi juu ya kabati, akaniambia, "Uliangalie ua langu." Nikasema ndiyo. Hakuomba kitu kingine.

Nami nikaliangalia, kwa namna yangu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulificha kopo. Lilikuwa limekula kutu, na lilikaa juu ya kisahani kilichopasuka chenye alama nyeupe za maji. Nilinunua sokoni ndoo nzuri ya plastiki, ya bluu, nikalitumbukiza kopo lote ndani yake, likaingia sawasawa kama vile vimepimwa pamoja. Wanajumuiya walisifu. Kitu cha pili kilikuwa majani. Yalikuwa na vumbi, nikachukua mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za michikichi, ambayo sisi tumejipaka tangu utoto, nikapaka jani moja baada ya jingine kwa pamba. Ukuta mzima ulimeremeta. Kitu cha tatu kilikuwa maji. Mke wangu alipokuwepo, maji ya kunawia mikono wageni yalimwagwa nje, nyuma ya jiko. Mimi nikiwa peke yangu, na goti linaniuma, niliona hakuna haja ya safari ile. Baada ya wageni kula nilimimina maji ya beseni kwenye kopo. Sabuni, mabaki ya ugali na yote. Nilifikiri ninalilisha.

Wiki za mwanzo hapakuwa na tatizo. Kisha majani ya chini, karibu na kopo, yakaanza kuwa njano. Nikasema ni njaa, nikaweka samadi ya kuku. Yakazidi. Nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Yakaanza kuoza, jani linakuwa na doa la kahawia lenye majimaji, ukiligusa linabaki mkononi. Vijidudu vyeusi vidogo vikaanza kuruka kila ukipita kwenye kona ile. Nikasema ni baridi ya mwezi wa saba, nikalifungia dirisha. Kila siku nilikuwa na jina jipya la ugonjwa, na dawa yake daima ilikuwa kuongeza kitu.

Binti akipiga simu, mama yake aliuliza ua linaendeleaje. Nilimwambia liko salama. Siku moja akasema mama anataka kuliona. Simu yangu ni ya kubonyeza, haina picha, kwa hiyo nikamwomba jirani yetu aniazime yake. Jirani huyu ni mwalimu wa sekondari, anafundisha biolojia, mwanamke wa makamo aliyehamishwa kutoka Tanga. Huniita babu na hunitania kama tulizaliwa tumbo moja. Akaja na simu yake, akapiga, uso wa mke wangu ukatokea kwenye kioo, umepumzika kuliko nilivyouacha. Nikaielekeza simu juu ya kabati, ambako majani yalikuwa bado ya kijani na bado yanameremeta. Nikaipitisha polepole juu ya picha ya harusi. Nikaishia kwenye pazia.

"Teremsha," alisema mke wangu kwa Kiha.

Nikairudisha kwenye kabati.

"Teremsha chini."

Nikasema mtandao unasumbua, sisikii vizuri, tutaongea siku nyingine. Nikabonyeza, picha ikakatika.

Mwalimu hajui Kiha, lakini alikuwa amesimama kwenye kona, na macho yake yalikuwa yameteremka kule ambako simu haikuteremka. Aliichukua simu yake, akaifuta kioo kwa kanga.

"Babu, mtandao uko vizuri," alisema. "Ua ndilo halipo vizuri."

Nilitaka kukasirika. Badala yake nilimweleza yote, samadi, dirisha na maji, nikidhani atanisifu kwa kuhangaika. Alichuchumaa, akachomeka kidole chake kwenye udongo mpaka kikazama nusu, akakitoa na kukinusa. Kisha akashika kopo kwa mikono miwili, akalivuta kutoka kwenye ndoo. Lilitoka kwa sauti ya kunyonya. Ndani ya ndoo palikuwa na maji meusi yanayofika karibu nusu, na harufu iliyotoka ilitufanya sote wawili tugeuze nyuso.

"Haya," alisema, akiwa amebana pua. "Mgonjwa wako hana njaa wala baridi. Umemkalisha ziwani. Yule mama alilitoboa kopo makusudi, maji yapite. Wewe ukaja ukalivalisha suruali isiyo na matundu."

Nilimwambia kopo lilikuwa baya mbele za watu.

"Mbele za watu," alirudia, na akaendelea na kazi.

Tulitandaza gunia palepale kwenye kona, tukalitoa kwenye kopo shina likiwa bado ukutani. Akakung'uta udongo na kunionyesha mizizi. Nilikuwa nimesimamia magunia ya kahawa maisha yangu yote, lakini sikuwahi kutazama mzizi kwa karibu. Ule ulio hai, aliniambia, ni mweupe na mgumu, ukiuvuta unakataa. Hii yetu ilikuwa ya kahawia, na nilipovuta mmoja, ganda lake lilichomoka lote kama soksi, ndani ukabaki uzi mwembamba. Nikavuta mwingine, vilevile. Katika fundo zima la mizizi tulipata mitatu tu myeupe. Kisha akapitisha kidole juu ya jani, akaangalia mafuta yaliyobaki kwenye kidole, akaniuliza mimi ningejisikiaje nikizibwa pua kwa kitambaa chenye mafuta. Alisema jani nalo linapumua. Nilikuwa nimelizamisha chini na kuliziba juu.

Alinieleza la kufanya. Shina la kutambaa kama lile lina vifundo, na kwenye kila kifundo, upande unaotazama ukuta, pana kichunusi cha kahawia. Ukikata chini kidogo ya kifundo kilicho kizima na ukakiweka kwenye chupa ya maji safi, pale kwenye mwanga usio wa jua kali, kichunusi hicho hutoa mizizi. Shina la zamani lisingepona kwa mizizi mitatu likiwa na mzigo wa kuta mbili. Ilibidi likatwe, lote, siku ileile, kabla uozo haujapanda, na vipande vizima viwekwe majini. Alisema angenisaidia, tungepata hata vipande ishirini.

Nilikataa.

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, kubwa kuliko ndoo. Ya ndoo niliyafanya kwa kutojua. Hili nilielezwa vizuri na mtu anayejua, na nikaelewa. Lakini nilitazama ukuta nikaona ukibaki mtupu, na misumari na nyuzi zile, na nikaona mke wangu akirudi siku moja na kuingia mlangoni. Nikawaza kwamba likibaki refu, hata likiwa na mizizi mitatu, atakuta ua lake kama alivyoliacha. Nilimwambia mwalimu tulipande upya kwenye kopo bila ndoo, tulinyime maji, tuone. Alisema ua ni langu. Tukaweka udongo mpya wenye mchanga na vipande vya mkaa, tukalirudisha mahali pake. Nilifuta majani kwa kitambaa chenye sabuni kidogo na maji ya vuguvugu, mchana kutwa, nikipanda na kushuka kwenye kiti kwa goti langu bovu.

Nilisubiri wiki mbili na siku kadhaa. Uozo ulipanda ndani ya shina bila kuonekana. Nje lilionekana gumu, nikilibonyeza linaingia ndani kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Uozo ulifika kwenye dirisha. Siku nilipoamka nikakuta majani yaliyozunguka picha ya harusi yamelala yote pamoja, nilimwita mwalimu. Hakunisema. Alikuja na kisu alichokisafisha kwa maji ya moto, akaanza upande wa kabati, akikata na kutazama ndani ya kila kipande. Kama katikati palikuwa na duara la kahawia alikitupa. Nilikuwa nimeshika ndoo ya bluu kupokea vya kutupa, na ilijaa mara mbili. Vilivyobaki vizima vilikuwa vitatu, vyote vya mwisho kabisa, vile vilivyokuwa juu ya kabati.

Nilibaki na kazi ya kuondoa nyuzi. Kila uzi ulikuwa umefungwa fundo moja la aina ileile, la kufunguka ukivuta ncha. Niligundua kwamba hakuna hata mmoja ulioligusa shina kwa kulibana. Alikuwa ameacha nafasi ya kidole kati ya uzi na shina kila mahali, kuta zote mbili.

Vipande vile nilivitunza. Nilivibadilishia maji kila baada ya siku mbili, na kila asubuhi nilivitazama mizizi. Kimoja kiliota ute na kuoza wiki ya kwanza. Cha pili kilikaa kijani muda mrefu bila kufanya kitu, kisha kikafa kimya. Cha tatu, baada ya majuma kama matatu, kichunusi chake kikapasuka na kutoa ncha nyeupe kama jino la mtoto. Baada ya muda ncha ikawa mzizi, mzizi ukawa na matawi.

Katika siku zile za kutazama chupa, wageni walipungua. Wanajumuiya walikuwa na nyumba nyingine za kukutania kwa zamu, na maofisa wanahama. Nilikuwa na muda wa kuwaza, na nilichokiwaza si ua. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini nilikata simu siku ile, nikajibu, nikakuta jibu lilelile kila nilipoligeuza. Nikampigia binti, nikamwambia ninakuja.

Nilisafiri asubuhi, chupa ikiwa katikati ya magoti, nimeifunika mfuko wa karatasi. Nyumba ya binti iko karibu na barabara, mlango wazi, cherehani dirishani. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti kinachotazama mlango, kanga safi begani, mkono wake mbovu umewekwa juu ya mto. Pembeni yake palikuwa na viti viwili vitupu ambavyo ilionekana vilikuwa vimekaliwa muda si mrefu, na vikombe vilikuwa havijaondolewa.

Nilimsalimu. Nikaweka chupa mezani mbele yake, nikatoa karatasi.

Aliitazama. Kikonyo, majani mawili, mizizi minne.

"Lilikuwa refu," alisema.

Nikamweleza. Nilianza na ndoo, nikaenda kwenye mafuta, nikaenda kwenye maji ya kunawa. Nilimweleza kuwa mwalimu alinishauri nikate na mimi sikukata. Nilimwambia simu haikuwa na tatizo. Nilisema kwa Kiha ambacho nilikuwa sijakitumia kwa maneno mengi hivyo miaka mingi, na mara kadhaa binti alilazimika kuinamia kitambaa chake ili nisimwone akicheka. Nilipomaliza, nilimwambia mke wangu kwamba nimekuja kumchukua, turudi nyumbani.

Alinyoosha mkono wa kushoto, akaisogeza chupa kidogo, itoke kwenye mstari wa jua uliokuwa unaingia mlangoni.

"Huku nakaa sebuleni," alisema.

Cherehani ilinyamaza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa safari nzima kujibu habari ya ua, si hilo. Nilisema lile ambalo lilikuwepo tangu mwanzo, kwamba nilimwonea aibu.

"Nilijua," alisema. "Siku ya kwanza nilijua."

Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya soko. Kisha akaniambia nikae, nimesimama kama mtoza ushuru, na binti akacheka, na mimi nikakaa.

Nilikaa Kibondo siku tisa. Nilijifunza kumlisha uji kwa upande ule ulio mzima na kusubiri ameze kabla ya kijiko kingine. Kila siku nilitamani kurudia ombi langu na kila siku nilijizuia, kwa kuwa nilishajibiwa. Watu walikuwa wakiingia mchana kutwa, wanawake wa mtaa, wateja wa binti, wakimwamkia kwa Kiha na kumsubiri amalize sentensi zake. Wengine walimtania, naye akiwajibu, akicheka kwa nusu ya mdomo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Sikumbuki kama nilimsikia sana hata kabla.

Siku ya tisa, nikiwa nimekaa pembeni yake, aliingia mama mmoja jirani ambaye alikuwa safarini siku zote zile. Alisalimu, akanitazama, akamwuliza mke wangu mzee huyu ni nani.

Mke wangu alichukua muda kuyapanga maneno.

"Ni mgeni wangu," alisema. "Ametoka Kasulu kunisalimu."

Mama yule alinikaribisha Kibondo. Nikamshukuru, nikasimama, nikampisha kiti.